Mbegu za maboga zinaungua nje, ndani bado mbichi

Mama Neema: Wadau, habari za jioni. Nimepasua boga la futari, mbegu zimejaa bakuli. Nikizikaanga juu ya mkaa, ganda linaungua na kiini kinabaki kibichi. Wanangu wanazipenda mno, nisaidieni.

Bibi Shamba: Mwanangu, moto wako mkali. Kwanza zisugue majini hadi utelezi na nyuzinyuzi vitoke. Zichemshe dakika 10 kwa maji ya chumvi, ndipo chumvi inafika kwenye kiini. Chuja, anika juani kwenye ungo mpaka zikwaruze mkononi. Sasa punguza mkaa, tandaza safu moja, koroga bila kuacha. Zitaanza kupasuka pa! pa! na kuvimba tumbo. Menya moja: kijani kikianza kugeuka hudhurungi, epua upesi umwage kwenye sinia, maana sufuria yenyewe bado inaunguza.

Fundi Oveni: Mwenye oveni: nyuzi joto 160, dakika kama 20, geuza katikati.

Mama Neema: Shikamoo bibi, asante sana. Mafuta nitie?

Bibi Shamba: Marahaba. Usitie, zina mafuta yake ya kutosha. Na usifunike kopo kabla hazijapoa kabisa, zitalegea.