Corolla 110 inamisi (inakatakata) mlimani na asubuhi za mvua, plagi nimeshabadili, msaada wakuu

Mkazi wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Naombeni msaada, hapa nilipofika hela inakwisha na gari bado mbovu. Nina Corolla 110 injini ya 5A, ile yenye distributa (kigawa umeme wa plagi), nipo Dodoma hapa Nkuhungu. Ilianza kama mwezi na nusu uliopita nikiwa naenda Manyoni kumsalimia mama, mpaka Bahi inatembea safi, Kintinku safi, ile naanza tu kupanda mlima wa Saranda ikaanza kukatakata, unakanyaga mafuta inavuta inakata inavuta inakata kama kuna mtu kaishika kwa nyuma, nikaweka gia ya chini nikapanda hivyo hivyo malori yananipita.

Kwenye tambarare kama ukienda zako Mtumba taratibu huwezi kujua kama ina shida. Ila mvua ikinyesha usiku, asubuhi inatetemeka hata ikiwa sailensi (imesimama inaunguruma tu), ikishapata joto inapungua. Na kwenye ekzosi kuna harufu ya petroli mbichi, ulaji wa mafuta nao umepanda.

Fundi wa kwanza kaweka plagi mpya zote nne, ikatulia kama wiki hivi ikarudia. Wa pili kasafisha nozo, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini. Wa tatu kachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikuonyesha kosa lolote, sasa anasema ni pampu ya mafuta. Kabla sijanunua pampu nimeona niulize kwanza, maana hii gari ndo inapeleka watoto shule na wife kazini, siwezi kuendelea kubahatisha.

Kibaigwa Boy

Pole mkuu. Angalia filta ya mafuta na eya klina, vumbi la huku kwetu halina mchezo.

Fundi Umeme Kizota

Mkuu mwambie huyo fundi asubiri kwanza, usinunue pampu. Nimesoma maelezo yako mara mbili na umeeleza vizuri sana, wateja wengi wanakuja wanasema tu "gari inasumbua" basi. Wewe umetaja vitu vitatu ambavyo ukivikusanya vinaelekea sehemu moja, inamisi ikibeba mzigo, inamisi kukiwa na unyevu, na inanuka petroli. Pampu haijui kama jana usiku mvua ilinyesha. Na pampu ikichoka mara nyingi gari inaishiwa nguvu kwa kulegea, unakanyaga haiendi, kuliko ile kukatakata, na petroli ikiwa haifiki vizuri si rahisi inuke kwenye ekzosi. Kwako petroli inafika, kinachokosekana ni moto wa kuiunguza, inatoka mbichi.

Mimi nashuku waya za plagi, zile zinazotoa umeme kwenye distributa kupeleka kwenye plagi. Ngoja nikueleze kwa nini mlimani. Umeme unaopita kwenye zile waya ni mkubwa, volti 20,000 na zaidi, na kazi yake ni kuruka ule uwazi mdogo kwenye ncha ya plagi. Ukiwa tambarare mguu mwepesi, hewa ndani ya silinda ni kidogo, umeme unaruka kirahisi. Ukikanyaga mafuta mlimani silinda inajaa, mgandamizo unapanda, kuruka pale kunahitaji volti nyingi zaidi, sasa kama raba ya waya imepasuka umeme unatafuta njia nyepesi, unatokea kwenye mpasuko unaenda kwenye bodi ya injini, plagi inakosa. Unyevu ndo unarahisisha hiyo njia ya pembeni, ndo maana asubuhi ya mvua inasumbua na ikikauka inatulia. Hata ile wiki moja ya plagi mpya inaelezeka, plagi mpya uwazi wake uko sawa na ncha zake ni kali, inahitaji volti kidogo kuliko plagi iliyolika, kwa hiyo waya mbovu ikajikongoja siku chache.

Hiyo mashine isikupe shida, gari nyingi za Japani za miaka ya 90 kompyuta yake haipimi misi ya silinda moja moja, kwa hiyo kusema haina kosa hakumaanishi injini ni nzima.

Sasa pima hivi, haina gharama. Usiku sehemu ya giza na ya wazi, usifanye ndani ya gereji iliyofungwa kwa sababu ya moshi. Washa gari, fungua boneti, zima taa zote. Chukua chupa ya kupulizia maji kama zile za saluni, pulizia ukungu mwepesi kwenye waya, moja moja, na usimwage maji. Kama kuna waya inavuja utaona cheche za bluu zinaruka na utasikia tik tik tik, na injini itabadilika mlio hapo hapo. Mikono weka mbali.

Kesho yake gari ikiwa imezimwa na imepoa chomoa waya, shika ile kofia ya raba chini usivute waya wenyewe, ndani kuna uzi wa kaboni ukiuvuta unakatika. Weka alama namba, mpangilio wa moto wa hiyo injini ni 1-3-4-2 na ukichanganya haitawaka vizuri. Tafuta mita, weka kwenye kiloomu, gusa ncha zote mbili. Toyota wanataka isizidi kiloomu 25 kwa kila waya, waya ndefu itasoma zaidi ya fupi hiyo ni kawaida. Wakati unapima ikunje kunje, ikiwa namba zinaruka au zinapotea huo uzi umekatika ndani.

Ila sikia hili maana mafundi wengi wanakosea hapa, mita ikisoma vizuri haimaanishi waya ni nzima. Mita inapima uzi wa ndani tu, raba ya nje iliyopasuka haiioni. Ndo maana nimekuambia uanze na giza.

Mama Wawili Ipagala

Naomba niongezee hapo kwenye mikono. Mwaka jana fundi mmoja alikuwa anachomoa waya za gari yangu moja moja injini inaunguruma ili ajue silinda ipi imekufa, ilimpiga shoti akaangusha spana na kukaa chini kabisa, tuliogopa sana. Kaka yangu usikubali mtu akufanyie hivyo. Halafu Fundi naomba kuuliza, sisi wenye Toyota IST ambazo hazina hizo waya inakuwaje?

Fundi Umeme Kizota

Dada umesema kitu cha muhimu mno. Mbali na shoti, waya ikichomolewa ikaachwa hewani umeme unakosa pa kwenda na unaweza kuua koili (inayotengeneza huo umeme mkubwa) au ignaita (inayoiwasha na kuizima koili), umeenda kutafuta misi ya waya unarudi na deni la koili. Kama lazima ujue silinda ipi, chomoa soketi ya nozo ya silinda hiyo, injini isipobadilika hata kidogo basi hiyo ndo ilikuwa haifanyi kazi.

IST ina koili juu ya kila plagi, ila chini ya koili kuna raba ndefu inayoshuka mpaka kwenye plagi nayo inapasuka vile vile. Hamisha koili ya silinda unayoishuku uiweke kwenye nyingine, misi ikihama nayo umeshapata jibu.

Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu nimerudi. Jana saa mbili usiku nimefanya pale nje kwangu, mtoto wangu mkubwa ndo alikuwa ameshika chupa ya maji. Waya namba 1 kimya, 2 kimya, kufika namba 3 nikaona kabisa cheche za bluu zinaruka kwenye chuma na injini ikaanza kutetemeka. Kumbe ile waya ilichomoka kwenye kibanio chake tangu zilipobadilishwa plagi, ikawa imelala juu ya chuma inasuguana mpaka raba imeliwa.

Leo nimeazima mita. Namba 1 imesoma 11.8, namba 2 ni 10.2, namba 4 ni 7.4. Namba 3 ikiwa imenyooka inasoma 9 na kitu, yaani ingepita kuwa nzima kama ulivyosema, nikiikunja inapotea. Ila nimeona kingine, ile kofia ya raba ya namba 3 imetoka ina oili, imevimba na laini, na plagi yake kwenye ile kauri nyeupe ina mstari mweusi kama wa penseli. Hiyo ni nini?

Fundi Umeme Kizota

Safi sana, sasa umeona kwa macho yako mwenyewe. Huo mstari ni njia ambayo umeme umeichora ukipita nje ya kauri badala ya ndani. Plagi hiyo badilisha hata kama ni mpya, ukiiacha umeme utafuata njia ile ile na waya mpya. Waya nunua seti nzima, hizo tatu zina umri mmoja na hiyo iliyokufa, na zirudishe kwenye vibanio vyake vyote zisigusane na chuma wala ekzosi.

Oili inatoka juu, kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), raba za mashimo ya plagi zimekauka. Oili inaoza raba ya waya, usipoziba hapo utanunua waya nyingine tena. Na usiendelee kupanda milima hivyo hivyo, petroli mbichi ikifika kwenye masega (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi) inaungulia mule ndani mpaka yanayeyuka, na hayo ni bei nyingine kabisa.

Mkazi wa Nkuhungu

Nimefunga seti mpya jana na plagi moja. Leo asubuhi nimepanda nayo kule UDOM na AC imewashwa, tumejaa watu watano, haijakata hata mara moja na harufu imeisha. Asante sana mkuu, na dada wa Ipagala pia. Gasketi ya tapeti kava na raba zake nimeshanunua, Jumamosi inafungwa, kuna cha kuzingatia?

Fundi Umeme Kizota

Oili iliyojaa kwenye shimo la plagi inyonywe kwa kitambaa kabla hujachomoa plagi, isidondokee ndani ya silinda. Hakikisha raba za mashimo zote nne zinabadilishwa, wengine wanabadili ile kubwa ya pembeni tu. Na nati za kava zikazwe kwa zamu kidogo kidogo, hazitaki nguvu.

Mkazi wa Nkuhungu

Sawa mkuu, nitasimama hapo hapo fundi akifunga.