Tabora: tumechimba shimo la choo tukakuta chupa yenye gololi shingoni, ni ya lini?

Mwana wa Unyanyembe ameuliza:

Mwangaluka wakuu. Niko Tabora mjini, mtaa sitautaja maana wageni wameshaanza kuja. Nyuma ya nyumba ya bibi tulikuwa tunachimba shimo la choo, juu ni mchanga wetu huu wa kawaida, ukifika kama kiunoni mchanga unakata ghafla unaanza majivu meusi yamechanganyika na mkaa, mifupa, vigae vya sahani na vioo vingi sana. Chupa nyingi zimevunjika ila chache zimetoka nzima. Moja ndo imenifanya niandike hapa, ni ya rangi ya kijani kama maji, nene na nzito kuliko chupa za sasa, shingo imeminywa kwa pembeni na ndani ya shingo kuna gololi, ukiitikisa inagonga lakini haitoki. Nyingine tako lake ni duara kabisa, ukiisimamisha inaanguka. Kuna ya kahawia kama ya bia. Alafu kuna gololi moja peke yake ina nyuzi nyekundu na nyeupe zimejisokota ndani, nzuri mpaka basi.

Bibi anasema alikuta watu wakisema hapo palikuwa nyuma ya duka, lakini la nani hajui. Jamaa mmoja anayenunua skrepa anazitaka zote kwa bei ya kilo, mwingine ananiambia chini yake kuna mali ya Mjerumani nisiache kuchimba. Naomba mnisaidie, umri wake naujuaje, nazisafishaje, na niendelee kuchimba au niache?

Mzee wa Chupa:

Kijana usiuze kwa kilo. Hiyo yenye gololi ni chupa ya soda ya kizamani, ilibuniwa na Mwingereza Hiram Codd, hataza yake (haki ya ubunifu) ni ya miaka ya mwanzo ya 1870. Chupa ilikuwa inajazwa ikiwa imepinduliwa kichwa chini, gesi ya soda inasukuma gololi mpaka inabana kwenye mpira uliowekwa ndani ya mdomo, ndo kizibo chenyewe, hakuna kifuniko kingine. Mnywaji anaisukuma kwa kidole au kijiti, inaingia ndani inasema pshh. Ile minyo unayoiona pembeni ilikuwa ya kuizuia gololi isirudi mdomoni wakati unamimina. Pitisha kidole kwa ndani ya mdomo utasikia mfereji mdogo, mpira ulikuwa unakaa hapo na wenyewe umeshaoza zamani. Nzima ni adimu kwa sababu watoto kila nchi walikuwa wanazivunja wachukue gololi wakacheze.

Ya tako la duara ilitengenezwa hivyo makusudi ilazwe, soda iguse kizibo muda wote, kilikuwa cha gome laini la mti, kikikauka kinasinyaa na gesi inatoka.

Sasa umri. Shika kila chupa uielekeze kwenye mwanga, tafuta mshono, ule mstari mwembamba unaopanda ubavuni. Kama unaishia shingoni kabla ya mdomo basi mdomo uliwekwa kwa mkono na fundi, na kama unapanda mpaka juu kabisa unavuka mdomo hiyo imetoka kwenye mashine, na mashine ya kutengeneza chupa nzima yenyewe ni ya Michael Owens wa Marekani, 1903. Ile ya kahawia angalia mdomo kama ni wa kizibo cha bati hiki cha bia tunachokijua, kizibo hicho kilibuniwa 1892 kwa hiyo chupa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Na gololi yako ya nyuzi iangalie kwenye ncha zake mbili. Za Wajerumani wa Lauscha zilikuwa zinakatwa moja moja kutoka kwenye fimbo ya kioo cha moto, zinabaki na alama mbili zenye ukwaruzo, moja huku moja huku. Za mashine hazina alama hizo. Ukiziona hizo alama usimpe mtoto akachezee.

Mchimbaji wa Isevya:

Mkuu hao wote wanakuzungusha. Mjerumani hakukaa Tabora miaka yote hiyo akaacha chupa tupu, chini ya majivu kuna boksi, majivu ni alama waliyoweka ili wakirudi wapajue. Tafuta mtu mwenye mashine ya kupima mje usiku.

Mzee wa Chupa:

Ndugu yangu wa Isevya, majivu na mifupa ni taka za jikoni, kila jalala la zamani liko hivyo. Fedha za Mjerumani za hapa Tabora zinajulikana vizuri. Mwaka 1916 vita imewabana, meli haziji, wakapiga sarafu hapahapa, za heller (senti za wakati huo) 5 na 20 za shaba nyekundu na njano zenye herufi T, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Wabelgiji wakaingia mjini Septemba mwaka huohuo. Heller 20 unaweza kuokota moja shambani kwako, ila hadithi ya boksi imewaliza watu wengi, wanauza ng'ombe wamlipe mganga na mwenye mashine, mwisho wanabaki na shimo. Usimpeleke kijana huko.

Dada wa Ujiji:

Mimi niko Kigoma upande wa Ujiji, naomba nimwombe mwenye uzi kitu kimoja, usitupe mchanga wa humo kabla hujauchekecha. Huku kwetu mvua kubwa ikinyesha zinatoka shanga kwenye makorongo, na Tabora ilikuwa njia ileile ya misafara kutoka Bagamoyo. Soko la Ujiji enzi za Livingstone na Stanley, 1871 hiyo, watu walikuwa wananunua samaki na nafaka kwa shanga zinaitwa sofi, vipande vifupi vya mrija vyenye tundu, na nyekundu za samesame ndo zilikuwa na thamani. Nyingi zilitoka Venisi. Ukiziokota kwa macho tu zinakupita, chekecheo la unga linatosha. Na andika zimetoka kina gani, maana shanga iliyotoka chini ya majivu inasema jambo jingine kabisa na iliyotoka juu yake. Naumia sana nikiona mtu ameweka chupa, shanga na sarafu kwenye ndoo moja, hapo hata aje mtaalamu hawezi kukwambia kitu.

Mwana wa Unyanyembe:

Asanteni sana. Nimeangalia kwenye mwanga, yenye gololi na ya tako duara mshono unaishia shingoni. Ya kahawia mshono unavuka mdomo na ni ya kizibo cha bati. Zote zimetoka kwenye majivu yaleyale. Sasa mbona umri haufanani?

Mzee wa Chupa:

Swali zuri hilo. Jalala linahesabiwa kwa kitu kipya kuliko vyote ndani ya tabaka moja. Chupa ya soda ilikuwa inarudishwa kiwandani kujazwa tena na tena, inaweza kuzunguka miaka mingi ndo itupwe. Kama ya kahawia ni ya mashine basi majivu yote yametupwa baada ya 1903, hata kama nyingine ni kongwe. Mimi naongeza lingine, reli ilifika Tabora 1912. Kabla ya hapo kila chupa ilikuja juu ya kichwa cha mpagazi kutoka pwani, na hiyo yenye gololi umesema mwenyewe ilivyo nzito. Kwa hiyo naegemea zaidi kwamba duka hilo lilikuwa linapokea mzigo wa treni.

Afisa Mstaafu:

Kuhusu kuendelea kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kwa lengo la kutafuta vitu vya kale kunataka leseni. Wewe ulikuwa unachimba choo, hapo huna kosa, na chupa za kuanzia miaka ya 1870 ziko nje ya mwaka huo. Lakini ukianza kupanua shimo kutafuta, mambo yanabadilika, na shanga za misafara zinaweza kuwa za kabla ya 1863. Toa taarifa, pale Kwihara kwenye tembe la Livingstone kuna watu wa makumbusho, si mbali na mjini, wapelekee picha. Na vitu vya kale havitoki nje ya nchi bila kibali, kwa hiyo mtu akikwambia ana mteja wa Ulaya jihadhari.

La pili ni usalama. Mchanga wa Tabora unabomoka, usiingie shimo lililozidi kiuno bila kuzuia kuta. Vaa buti na glovu ngumu, kama hujachomwa chanjo ya pepopunda kachome. Na mji huu ulipiganiwa 1916, ukikuta chuma kizito chenye umbo la risasi kubwa usikigonge, toka, ita polisi.

Mwana wa Unyanyembe:

Nimeelewa mzee wangu shikamoo. Choo tunahamishia upande wa pili, hapa nafunika turubai juu mpaka watu wa makumbusho waje. Kusafisha je?

Mzee wa Chupa:

Loweka kwenye maji ya baridi yenye sabuni kidogo, usiku kucha. Maji ya moto hapana, kioo kilichokaa ardhini muda mrefu kinapasuka kikibadilishiwa joto ghafla. Ndani tia mchele mkavu na maji utikise taratibu, usitumie mchanga wala stilwaya, vinakwaruza. Yenye gololi usiitikise kwa nguvu, gololi inaweza kuvunja shingo kwa ndani. Ukiona utando unaong'aa rangi kama mafuta juu ya maji huo ni udongo umekula kioo, hautoki kwa kusugua, uache. Alafu tupigie picha tako la ile ya kahawia, kama kuna herufi zimechomoza weka tochi ubavuni zitasomeka.