Picha ya familia: tuvae sare au tuoanishe rangi?

Swali
Ndugu zangu, habari zenu. Tuko watu saba, tangu mama mkwe hadi mtoto wa miezi minane, na mwishoni mwa mwezi tutapigwa picha ya pamoja nje, wakati wa jioni. Mara ya mwisho sote tulivaa fulana nyeupe, na picha ilipotoka, weupe ulikuwa umemeza mikunjo yote ya nguo hata kichwa cha mtoto kikaonekana kinaelea kifuani pa baba yake. Sare siitaki tena, lakini naogopa pia kila mtu kuja na lake. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Pole kwa fulana hizo. Mimi hupiga picha za familia, na ushauri wangu ni kuanza na vazi moja tu lenye maua, hasa la yule aliye mgumu kumchagulia nguo, kisha uchote humo rangi mbili au tatu uwagawie wengine. Tuseme gauni la mama mkwe lina maua ya damu ya mzee na majani ya kijani kilichofifia juu ya rangi ya maziwa: baba atavaa shati la kijani hicho, binti sketi ya damu ya mzee, na mtoto, akivaa rangi ya maziwa, apakatwe na mtu mwenye nguo iliyokoza ili umbo lake lionekane. Milia myembamba na drafti ndogondogo ziacheni nyumbani, kwa sababu mistari yake hugongana na mpangilio wa vihisi vya kamera, yaani vile vidoa vidogo vinavyopokea mwanga, na kuzaa michirizi ya mawimbi kwenye picha ambayo kuifuta baadaye ni kazi ya kuudhi.

Jibu la pili
Nakubaliana naye, ila msisahau kwamba nguo hurudisha mwanga usoni. Dada yangu aliwahi kuvaa blauzi ya waridi kali juani, na kidevu chake kikaiva mpaka shangazi akauliza kama ana mzio. Kabla ya siku yenyewe, tandazeni nguo zote kitandani karibu na dirisha, mzipige picha kwa simu, kisha muigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Zikitoka zote kijivu kimoja, watu watamezana.

Jibu la tatu
Sare si kosa, kosa ni weupe juani. Sisi tulivaa bluu iliyokoza na nyuso zetu zikajitokeza vizuri. Mwenye miwani inayobadilika rangi juani atafute nyingine, la sivyo atatoka kama mlinzi wa kiongozi.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Nimelijaribu lile la kitandani: shati la mume wangu na gauni langu, moja la kijani na jingine jekundu, vimetoka kijivu kilekile. Nimebadilisha langu, kwa kuwa yeye ana shati hilo moja tu lililonyooka kola.