Majirani wa Soweto, Moshi: paka kalamba mtori

[19:04] Mama Irene: Habari za jioni majirani. Dokta Elia, upo? Paka kalamba mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) kwenye sufuria, kama vijiko vinne vya mezani. Sufuria nzima ina kitunguu maji kimoja na punje mbili za swaumu. Paka ana kilo tatu na nusu hivi. Nimpe maziwa?

[19:06] Dokta Elia (mifugo): Usimpe maziwa, wala maji ya chumvi, wala mafuta ya kula. Maziwa hayaui sumu ya kitunguu na swaumu. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake, na mafuta akipaliwa yanaingia mapafuni. Sufuria ni ya watu wangapi?

[19:07] Mama Irene: Sita.

[19:12] Dokta Elia (mifugo): Sawa, tupige hesabu. Kitunguu cha wastani ni gramu 100 hivi. Damu ya paka huanza kuharibika akila kama gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa huyo ni gramu 17. Kwenye vijiko vinne vya sufuria ya watu sita, kitunguu hakifiki gramu 3. Swaumu ina nguvu mara 3 hadi 5 kupita kitunguu, lakini hata tukiijumlisha bado yuko chini sana. Angekunywa bakuli zima ningekwambia panda bodaboda sasa hivi, maana ndani ya saa mbili bado inawezekana kumtapisha kliniki. Kumtapisha nyumbani usijaribu hata siku moja.

[19:13] Mama Irene: Ahsante dokta. Mbona anacheza tu, hana hata dalili?

[19:16] Dokta Elia (mifugo): Hapo ndipo watu wanapopotea. Sumu ya kitunguu inashambulia chembe nyekundu za damu, zinapasuka taratibu. Dalili zinakuja baada ya siku mbili, tatu, hata tano. Kila asubuhi mfunue mdomo utazame ufizi: wa waridi ni mzima, uliopauka au wa manjano ni hatari. Angalia na mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mlete siku hiyohiyo.

[19:18] Mama Happy (mgahawa): Na kitunguu kikiiva sana mpaka kikayeyuka?

[19:20] Dokta Elia (mifugo): Sumu iko palepale. Moto hauiondoi, inahamia kwenye mchuzi. Kitunguu cha unga ni kibaya zaidi kwa sababu maji yametoka, kijiko kimoja kimebeba kitunguu kingi. Kwa hiyo viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vya mchemraba visimfikie kabisa.

[19:23] Mama Happy (mgahawa): Basi dawa ni kumtolea fungu lake mapema. Kwenye mtori nyama inachemshwa kwanza. Ikishaiva, kabla hujatia chumvi wala kitunguu, toa vipande viwili vitatu na supu kidogo, weka pembeni zipoe. Machalari (ndizi na nyama) hivyohivyo. Pilau msimpe, na nyama choma iliyolala kwenye swaumu na kachumbari msimpe pia. Ukisubiri mabaki ya mezani umeshachelewa.

[19:25] Dokta Elia (mifugo): Mama Happy amesema lote. Na hiyo supu ni muhimu. Paka anahitaji taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama na samaki, mimea haina. Ukichemsha nyama, sehemu ya taurini inatoka na maji. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kuwa paka wakipungukiwa taurini moyo unatanuka na kulegea, na wengi walipona walipoongezewa. Macho nayo hufa taratibu. Ndiyo maana paka wa ugali mtupu haendi mbali, na chakula cha mbwa hakimtoshi.

[19:29] Baba Godi (bucha): Kwa wanaonunua kwangu: moyo wa ng'ombe una taurini nyingi kuliko mnofu wa kawaida, na bei yake ni nafuu. Pupu linashibisha lakini ni jepesi, lichanganyeni na moyo. Vyote vichemsheni, nyama mbichi ina vimelea. Mifupa iliyopikwa hapana, hasa ya kuku, inapasuka kama sindano. Na ile kamba ya kufungia nyama itupeni mbali, inanuka damu, paka anaimeza.

[19:30] Dokta Elia (mifugo): Akiimeza ikaonekana inaning'inia mdomoni au nyuma, MSIIVUTE. Inakata utumbo kwa ndani. Mleteni hivyohivyo.

[19:32] Bibi Anna: Na maini? Huyu wangu hataki kingine.

[19:35] Dokta Elia (mifugo): Shikamoo bibi. Maini ni matamu kwake lakini yana vitamini A nyingi mno, na mwili wa paka hauitoi. Akila kila siku kwa miezi, mifupa ya shingo inaota na kushikana, unamwona hawezi kugeuza kichwa wala kujilamba mgongoni. Mpe kipande cha kidole mara moja kwa wiki, bibi. Anza kwa kuyachanganya na moyo, upunguze maini kidogokidogo. Asishinde na njaa: paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linajaa mafuta na anaweza kufa.

[19:37] Bibi Anna: Marahaba mwanangu. Dagaa je?

[19:41] Mama Happy (mgahawa): Dagaa wazuri, bibi. Waloweke maji ya uvuguvugu dakika kumi, maji ya kwanza na ya pili mwaga, yana chumvi na mchanga. Kisha chemsha bila chumvi mpaka walainike. Ugali uwe kidogo tu, robo ya sahani, kinachobaki kiwe dagaa au nyama.

[19:43] Dokta Elia (mifugo): Na wasitolewe mifupa, kwa kuwa imeshalainika. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, vitoto vya paka vinapinda miguu. Dagaa mzima anaileta. Kuwachemsha ni lazima: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa anayumba na kupata degedege. Joto linakiua.

[19:46] Mwalimu Fredi: Niongeze la unga. Tuna tabia ya kusema unga umeota ukungu, wapikieni mbwa na paka. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haitoki kwa kupika. Ni ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ini la paka ni dogo kuliko letu. Unga huo utupwe, na kuku wasipewe.

[19:47] Baba Godi (bucha): Kweli kabisa mwalimu.

[19:49] Mama Irene: Parachichi? Na mbege?

[19:53] Dokta Elia (mifugo): Nyama ya parachichi haimuui paka, itamharisha kwa mafuta. Kokwa ndiyo hatari, inakaba. (Majani ya mparachichi msiwape mbuzi wala sungura, hao yanawadhuru kweli.) Mbege ni pombe, hata mashapo yake hapana. Donge la maandazi lenye hamira pia hapana, linaumuka tumboni na kutoa pombe. Kahawa, machicha yake na chokoleti vinapeleka moyo mbio. Zabibu kavu zinaharibu figo za mbwa, kwa paka tusijaribu. Yai lililochemshwa, nusu, sawa. Boga lililochemshwa kijiko kimoja linasaidia akifunga choo. Maziwa fresh yanawaharisha paka wakubwa wengi, mtindi kijiko kimoja unavumilika.

[19:56] Dokta Elia (mifugo): Na jambo ambalo si chakula lakini huchanganywa kwenye chakula: PANADOL. Paka akiwa na homa mtu anasaga nusu kidonge kwenye supu. Ini la paka haliwezi kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na hakuna kipimo salama. Ufizi unageuka kahawia, uso na nyayo zinavimba. Ikitokea, usisubiri asubuhi, nipigie hata saa nane usiku. Dawa ya kuizuia ipo, ila inataka saa za mwanzo.

[19:58] Mama Irene: Nimeelewa dokta. Ufizi nimeutazama sasa hivi, ni wa waridi. Maji anakunywa.

[20:00] Dokta Elia (mifugo): Vizuri. Piga picha ya ufizi leo usiku kwenye taa nyeupe, na kesho na keshokutwa taa ileile, tulinganishe rangi. Jumatano nipo kliniki kuanzia saa mbili asubuhi, mlete tumtoe tone la damu. Mweke kwenye kikapu chenye mfuniko, si mfuko wa salfeti.