Tupeane uzoefu: kuizunguka California kwa gari mkiwa na watoto waliokwisha kuwa wakubwa

Mama wa Dallas (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi. Binti yangu wa kwanza ana miaka 17, na mwisho wa Agosti anaanza chuo, atahamia huko huko. Mdogo wake wa kiume ana 14. Mimi na baba yao tumepata likizo ya siku 10 kwa pamoja, kitu ambacho hakijatokea kwa miaka, na tunataka tuizunguke California kwa gari, sisi wanne tu.

Shida ni kwamba tulishajaribu. Mwaka 2022 tulitua Los Angeles, tukakodi gari, na katika siku 7 nilitaka tuone San Diego, hifadhi za Sequoia na Yosemite, na San Francisco, kisha turudi Los Angeles kupanda ndege. Ratiba niliipanga mwenyewe usiku watoto wakiwa wamelala. Kwenye karatasi ilipendeza. Barabarani tulikaa ndani ya gari saa 5 au 6 kila siku. Tulipofika Tunnel View, pale bonde zima la Yosemite linapojifungua mbele yako, mwamba wa El Capitan kushoto na wa Half Dome kwa mbali, nilimfungulia binti yangu mlango ashuke. Alikuwa na miaka 13. Hakushuka. Hakuwa na hasira, amechoka tu, akaniambia, "Mama, piga picha nitaiona baadaye." Picha ninayo mpaka leo na hajawahi kuiuliza.

Safari ya namna ile siitaki tena. Mliowahi kuzunguka huko na watoto wa umri huu, nielezeni mlivyofanya, na hasa yaliyowaharibikia.

Dereva wa Sacramento

Dada, umenigusa. Mimi naishi huku huku, na kosa lako tumelifanya wengi. California ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye simu. San Francisco hadi Los Angeles kwa I-5, ile barabara kuu ya bara, ni kama kilomita 615, saa 6 ukibahatika na foleni. Ukipita pwani kwa Highway 1, hesabu siku mbili, na usizipunguze.

Yangu ni hii. Mwanangu alipopata leseni ya mwanafunzi akiwa na miaka 15 na nusu, sheria ya huku inamtaka aendeshe saa 50 na mtu mzima mwenye leseni, 10 kati ya hizo zikiwa za usiku, kabla hajafanya mtihani wa barabarani. Nikaona hizo saa tuzitumie safarini. Gari letu wenyewe, siyo la kukodi, maana kampuni za kukodisha hazimruhusu mwanafunzi kugusa usukani. I-5 katikati ya bonde ni mstari ulionyooka, mashamba ya lozi huku na huku. Alikaa kwenye usukani saa mbili nzima, simu iko kwenye begi nyuma, na akaongea. Nasema aliongea, mtoto ambaye nyumbani hujibu kwa kuinua mabega. Karibu na Coalinga kuna zizi kubwa la ng'ombe, harufu yake inakufikia kabla hujaliona. Akafunga vioo, akaniuliza kama kwa babu Kongwa kulinuka hivyo. Nikamsimulia mnada, na jinsi marehemu baba alivyokuwa akimjua kila ng'ombe wake kwa jina. Miaka 15 nilikuwa sijamwambia habari hizo.

Kama binti yako ana leseni kamili, bado la kukodi hataruhusiwa kuliendesha kwa umri wake. Mpe ramani. Yeye ndiye aamue mtasimama wapi kula, na msimpinge.

Mama Mapacha, Oakland

Naongeza upande wa San Francisco. Msiache KITU ndani ya gari. Hata koti, hata mfuko mtupu. Tulipaki mahali pa kutazama daraja, dakika 20 tu, tukarudi kioo cha nyuma kimevunjwa na begi la binti yangu limeondoka na kompyuta yake na daftari alilokuwa akichora tangu darasa la sita. Kompyuta tulinunua nyingine. Lile daftari analililia mpaka sasa.

Halafu nguo. Watu wanasikia California kiangazi wanabeba kaptula. San Francisco mwezi wa saba ukungu unaingia kutoka baharini, nyuzi joto 15 au 16, upepo juu. Sweta ni lazima. Daraja la Golden Gate hawapokei pesa taslimu, wanasoma namba ya gari, kwa hiyo waulizeni mapema wenye gari wanavyokata hiyo tozo. Na Alcatraz, lile gereza la zamani kisiwani, tiketi za kiangazi huisha wiki kadhaa kabla.

Bint Unguja, Maskati

Assalaam alaykum. Sisi tulitoka Maskati mwezi wa saba mwaka jana, mimi, mume wangu na watoto watatu wa miaka 12, 15 na 17. Dada wa Oakland kasema kweli kuhusu baridi. Joto la Death Valley, lile bonde la jangwa, halikututisha, nyuzi 45 sisi tunalala nazo na kuamka nazo. San Francisco ndiyo iliyotushinda, tulinunua makoti siku ya kwanza.

Lakini Death Valley nayo msiidharau. Ni pale Furnace Creek ndipo palipopimwa nyuzi 56.7 mwaka 1913. Walinzi wa hifadhi wanashauri watu wasitembee kwa miguu baada ya saa 4 asubuhi kiangazi, na maneno yao yasikilizwe. Tuliingia alfajiri, tukaswali Alfajiri pembeni ya barabara, jua linachomoza tumeshafika Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Mwanangu wa miaka 15 alipiga magoti akaonja ile chumvi ya chini. Tukakaa nusu saa, tukarudi garini, maji lita 20 nyuma. Ilitosha.

Kwa wanaotoka nje kama sisi: tangu 2026 bei zimebadilika. Asiye mkazi wa Marekani, mwenye miaka 16 na zaidi, analipa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11 kubwa, Yosemite na Sequoia zikiwemo, asipokuwa na pasi ya mwaka ya dola 250. Familia yenye watoto wakubwa, pigeni hesabu hiyo kabla ya tiketi za ndege.

Dereva wa Sacramento

Ahsante Bint Unguja. Wakazi pasi yao ya mwaka bado ni dola 80. Yosemite kwa gari 35, Sequoia 35, Death Valley 30, kwa hiyo ukiingia zote tatu pasi imeshajilipa. Hifadhi za jimbo hazimo humo, hizo unalipia mbali.

Mkamba wa San Diego

Hamjambo nyote. Mimi nitawakosoa kidogo. Kila mtu anasema wape matineja uhuru wapange. Mimi niliwapa. Mwaka 2024 wanangu wawili walichagua Highway 1 yote, kutoka Carmel hadi Cambria, wakaweka nafasi za kulala, wakafurahi sana. Hakuna aliyeangalia kama barabara iko wazi, na mimi pia sikuangalia kwa sababu nilikuwa nimewaachia. Tukavuka daraja la Bixby, lile la 1932 linaloonekana kwenye picha zote, tukaendelea mpaka tukakuta kizuizi. Mlima ulikuwa umeporomokea barabara tangu Februari. Hakuna mtandao, mafuta ya huko ni ghali ajabu, na ilibidi turudi hadi Monterey, tuzunguke kwa barabara ya 101. Hoteli ya Cambria tulifika saa 6 usiku.

Kifungua mimba wangu alilia, akisema ameharibu likizo. Nilimwambia kosa ni langu. Mzazi hafai kuacha kazi ya kukagua. Wao wachague, wewe fungua ramani ya Caltrans, idara ya barabara ya jimbo, ile QuickMap, siku moja kabla na tena asubuhi ya safari. Pwani ile huporomoka mara kwa mara.

Kesho yake tulienda Piedras Blancas, kaskazini kidogo mwa San Simeon. Ni bure. Sili-tembo madume wakubwa hulala mchangani kule mwezi wa saba na wa nane wakibadilisha ngozi, wanakoroma na kusukumana. Tulikaa saa tatu. Yule aliyekuwa akilia ndiye aliyekataa kuondoka.

Baba Wanne, Fresno

Tunaokaa karibu na Yosemite tunaombwa ushauri kila kiangazi, kwa hiyo nitasema machache. Maporomoko ya Yosemite yana mita 739, lakini mwezi wa nane mara nyingi yamekauka, msiahidi watoto maji. Maporomoko ya Vernal yenyewe hayakauki. Chakula usiku kisibaki ndani ya gari, hata dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, kwa sababu ya dubu. Kuna makabati ya chuma. Mke wangu aliwahi kusahau mandazi chini ya kiti, tukaamka mlango umekunjwa kama karatasi.

Viwanja vya hema vya bondeni hufunguliwa kwa kuwekwa nafasi miezi 5 kabla, tarehe 15, saa 1 asubuhi kwa saa za California, na huisha kwa dakika chache. Ukikosa, lala nje ya hifadhi, uingie kabla ya saa 2 asubuhi.

Simu mimi huzikusanya. Kikapu kimoja, asubuhi hadi chakula cha jioni. Wananuna siku moja.

Mama Mapacha, Oakland

Baba Wanne, hapo kwa simu sikubaliani nawe. Binti yangu ana rafiki zake humo, na kumnyang'anya siku nzima ni kumwambia kwamba watu wake hawana maana. Huku mlimani mtandao unakatika wenyewe. Waache wapakue ramani na nyimbo kabla, mengine milima itayafanya.

Mnyiha wa Oakland

Nimesoma yote. Ngoja niseme la kwangu moja.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2023 tulikuwa juu kwenye barabara ya Tioga, ile inayokata Yosemite kwenda mji mdogo wa Lee Vining. Mwaka ule theluji ilikuwa nyingi mno, barabara ilifunguliwa mwishoni mwa Julai. Mwanangu, wakati huo ana 16, alikuwa amesoma kwamba vimondo vya Perseid vinafikia kilele usiku ule na mwezi ni mwembamba. Mama yake alitaka tulale mapema. Nikasema twende. Tulipaki Olmsted Point, tukalala chali juu ya mwamba, ambao bado ulikuwa na joto la mchana, mablanketi mawili watu wanne.

Vilianza kimoja kimoja. Saa 7 usiku tukaacha kuhesabu. Mwanangu akauliza kama kuna kinachofika ardhini. Nikamwambia hivi vidogo huungua vyote, lakini mimi nimekulia karibu na kimoja kilichofika, lile jiwe la chuma la Mbozi, refu la mita 3 na ushee, na utotoni tulikuwa tunaligonga kwa kokoto tulisikie linavyolia kama kengele. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Baba, mbona hujawahi kutupeleka?"

Tulikwenda Desemba ya mwaka uliofuata. Aligonga na yeye.

Mama wa Dallas

Jamani. Nimewasomea uzi huu wote mezani, mmoja mmoja, na kutafsiri pale mdogo aliposhindwa. Binti alinyamaza hadi kwa Mnyiha, kisha akachukua simu kuangalia mwezi. Mwaka huu tarehe 12 Agosti mwezi mchanga, giza tupu.

San Diego tumeifuta, na Los Angeles tunatua tu na kuondoka. Siku 10 zote ni Sequoia, Yosemite, Tioga, kisha pwani tukirudi, na Baba Wanne, kikapu cha simu kimekataliwa kwa kura tatu kwa moja. Ratiba ameandika yeye kwa mkono wake. Tunnel View ameiweka siku ya nne, saa 12 asubuhi, na pembeni ameandika: "nitashuka."

Naomba msaada mmoja wa mwisho. Tunalala Lee Vining usiku ule na kupanda hadi Olmsted Point. Aliyekaa huko juu usiku wa mwezi wa nane aniambie baridi ikoje, nijue nibebe mablanketi mangapi.