Watazamaji 14: kumbi ndogo za sanaa na fedha za umma

Mleta Mada
Ndugu wadau, kila bajeti ya umma inapobana, ukumbi mdogo wa sanaa huwa miongoni mwa wa kwanza kukatiwa ruzuku, na hoja ni ileile kwamba kazi ikiwa nzuri, kiingilio kitaibeba. Siikubali hoja hiyo. Tangu mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini haisimami: kiwanda huongeza mashine kikazalisha zaidi kwa watu walewale, lakini muziki wa ala nne uliotungwa miaka 200 iliyopita bado unahitaji wapigaji wanne na dakika zilezile, ilhali ujira wao hauna budi kupanda pamoja na ujira wa watu wengine. Pengo hilo kati ya gharama na kiingilio halitokani na uzembe wa mtu. Ukumbi mkubwa hulipunguza kwa kuongeza viti. Ukumbi wa viti 80 hauna pa kuviongeza. Je, si haki lizibwe na kodi?

Mlipakodi
Sipingi sanaa, napinga kugharamia burudani ya wachache. Mwezi uliopita niliingia katika ukumbi wa aina hiyo nikahesabu watazamaji 14, na onyesho lilipokwisha nikagundua kuwa sita kati yao walikuwa jamaa wa waigizaji. Anayetaka kuigiza mbele ya familia yake, sebule inamtosha.

Mkata Tiketi
Ndugu Mlipakodi, suala la gharama wengine watalijibu, lakini hilo neno la sebule limenichoma na siwezi kulipita. Nimekaa mlangoni mwa ukumbi kama huo miaka tisa bila mshahara. Hao jamaa unaowatoa katika hesabu hulipa kiingilio kama ulivyolipa wewe. Nilimwona baba mmoja aliyekuja shingo upande kumtazama binti yake, akasimama nyuma karibu na mlango kama mtu aliye tayari kuondoka. Onyesho lilipofika katikati alikuwa ameketi mstari wa pili, amevua kofia na kuishikilia mapajani kwa mikono miwili. Msimu uliofuata alikuja siku ambayo binti yake hakuwamo jukwaani. Ukumbi mdogo hupata watazamaji wake hivyo, mmoja mmoja, kila mmoja akiletwa na mtu anayemjua. Na kama ni uzembe mnautafuta, uangalieni katika ofisi iliyotuidhinishia ruzuku ya onyesho, kisha ikaileta miezi minane baada ya onyesho lenyewe, wakati fundi wetu wa taa ameshaingia kwenye madeni.

Mlipakodi
Dada, sikukusudia kudharau familia ya mtu yeyote, na kama maneno yangu yamesomeka hivyo naomba radhi. Hata hivyo, baba mmoja si hesabu. Ni jamaa wangapi hurudi pale mtu wao asipokuwa jukwaani? Hilo ndilo ningependa kulijua kabla kodi yangu haijaguswa.

Msomaji wa Jioni
Mnabishana juu ya jamaa, ilhali jambo zito ni njia ambayo fedha hupitia. Uingereza iliunda Baraza la Sanaa, la kugawa fedha za umma kwa sanaa, mwaka 1945 chini ya mwanauchumi John Maynard Keynes, na katika miaka iliyofuata sehemu kubwa ya fedha ikaelekea kwenye opera na baleti za London. Brazil ilishika njia nyingine mwaka 2004, Gilberto Gil akiwa waziri wa utamaduni: badala ya serikali kujenga kumbi mpya, ilitangaza maombi na kuviwezesha vikundi ambavyo tayari vilikuwa vikifanya kazi katika mitaa yao. Mimi ningeiunga mkono ruzuku ya namna hiyo, lakini ile inayoanzia juu naiogopa, kwa sababu aliye karibu na meza ndiye hushiba.

Mleta Mada
Nirekebishe kidogo: baraza lilitangazwa 1945, lakini hati yake ya kifalme ya kulianzisha ilitolewa Agosti 1946, Keynes akiwa amefariki mwezi wa Aprili. Kuhusu Brazil tunakubaliana, na kwa kweli sasa naona swali langu la kwanza lilikuwa pana mno. Nilipaswa kuuliza nani ana haki ya kusema kwamba ukumbi fulani una watazamaji wa kutosha.

Mkata Tiketi
Basi nimjibu aliyeuliza. Daftari la mlangoni ninalo, majina yameandikwa kwa mkono wangu, na wanaorudi wanajulikana kwa sababu wengine nimeacha hata kuwauliza jina. Nipo tayari kuwahesabu ukurasa kwa ukurasa. Ila kabla sijalifungua, ndugu Mlipakodi, taja hapa mbele ya wote ni watu wangapi watakaokuridhisha, ili nikishamaliza kuhesabu usije ukaipandisha idadi.