Mkutano mkuu wa mwaka wa kundi la mshikamano na Palestina: tupeane uzoefu

Katibu Mstaafu, Kibokoni

Assalaam aleikum, na salamu kwa ndugu wa dini zote. Jana nilikuwa nikipanga kabati, likaniangukia daftari la kumbukumbu za kundi letu. Katika ukurasa mmoja nikaukuta mwandiko wangu mwenyewe: "Ajenda ya 7, mipango ya kampeni: haikujadiliwa kwa uhaba wa muda." Nikafungua mwaka uliotangulia, nikakuta maneno yale yale, na wa nyuma yake vivyo hivyo. Miaka mitatu mfululizo watu wazima tulikusanyika kwa ajili ya Palestina, tukala mahamri na mbaazi, tukalia, tukaomba dua, kisha tukaenda zetu bila ya kuamua nani atafanya nini, na tarehe ngapi. Mwaka huu nimeombwa niuongoze mkutano. Mliowahi kuketi katika mikutano ya namna hii, iwe ni Mji wa Kale, Majengo, Likoni au Kisauni, nielezeni ni wapi inapoharibikia.

Bint Likoni

Inaharibikia kwenye akidi. Katiba yetu yataka theluthi moja ya wanachama wawepo ukumbini, na nusu ya wanachama wenyewe tuko ng'ambo ya feri. Saa nne asubuhi waliofika ni kumi na wawili, saa tano na nusu wametimia, lakini wale kumi na wawili wa mwanzo wameshaanza kuaga.

Msomali wa Bondeni

Mwiko wa kwanza ni kuwapa wazee kipaza sauti kabla ya yatokanayo. Mwaka juzi tulikuwa na mzee aliyeulizwa swali dogo tu, akazungumza dakika arobaini, na ajenda zote zikafia hapo.

Maalim wa Kuze

Mzee wa dakika arobaini ni mimi, mwanangu, na swali lile halikuwa dogo. Kijana aliuliza ni kwa nini Mkenya ahangaike na ardhi ya mbali. Ningemjibu vipi bila ya kumweleza kwamba mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa tayari kuwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, ardhi ya Uasin Gishu, katika Kenya hii hii yetu, na kwamba jambo hilo lilipelekwa katika kongamano lao la Basel mwaka huo huo na likaja kukataliwa mwaka 1905? Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour. Ni yeye huyo huyo ambaye tarehe 2 Novemba 1917, akiwa sasa ni Waziri wa Mambo ya Nje, alitia sahihi barua ya kuahidi kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina. Huku hawakuulizwa wenyeji, na kule hawakuulizwa wenyeji. Ama zile dakika arobaini, katika hizo kipaza sauti kilizimika mara mbili.

Msomali wa Bondeni

Maalim, kwa heshima zako zote, hilo nimelielewa vizuri zaidi leo katika aya moja kuliko siku ile.

Bi Kizingo

Naunga mkono, na naomba aya hiyo ichapwe igawiwe mlangoni.

Mweka Hazina, Majengo

Mnalalamika kwamba kampeni haijadiliwi. Kwetu ilijadiliwa, na ningetamani isingejadiliwa.

Kina mama wa kundi walitoa hoja tuchapishe leso, mji wake mweupe, pindo nyeusi na kijani zenye mistari myekundu, na faida iende kwenye matibabu ya majeruhi. Kila mtu alikubali. Likabaki jina. Mnawajua watu wa Mombasa linapokuja suala la jina la leso: kulikuwa na mapendekezo kumi na manane, mashairi mawili na mtu mmoja aliyenuna. Baada ya saa nzima tukaafikiana: "Akilia jirani, mlango usifunge." Tukaagiza jozi 200, tukalipa nusu ya fedha, na mimi nikakabidhiwa kazi ya kuikagua sampuli kabla ya kuchapwa. Niliikagua. Niliangalia rangi, nikapima pindo kwa vidole, nikatia sahihi.

Marobota yalifika usiku wa kuamkia mkutano mkuu. Mwenyekiti akapendekeza, kwa ajili ya kuwapa watu moyo, yafunguliwe mbele ya wanachama wote. Akaitoa leso ya kwanza, akaitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, ukumbi ukapiga vigelegele. Bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele akainua miwani, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi: "Akilia jirani, mlango ufunge." Silabi moja tu ilikosekana, na silabi ile ndiyo iliyokuwa kampeni yetu nzima. Vigelegele vilikatika kama mshumaa uliopulizwa. Mwenyekiti bado mikono iko juu, yeye upande wake haoni kitu, anauliza kuna nini. Kisha bibi yule akaitua miwani, akasema taratibu, "Waacheni wasome. Si ndivyo walivyofanya?"

Tangu hapo hapakuwa na mkutano tena. Nusu walitaka leso zirudishwe, nusu walitaka mimi nirudishwe.

Bint Likoni

Subhanallah. Hizo leso ziko wapi?

Kijana wa Tudor

Mimi nilikuwepo. Mwenyekiti aliendelea kuishikilia juu kwa muda wa dakika nzima.

Mwana wa Kikambala

Nisameheni nikiwaondoa kwenye kicheko, lakini neno "kampeni" kwangu lina mkutano wake. Tulikuwa tukipanga shughuli ya tarehe 29 Novemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1977 iwe ya mshikamano na watu wa Palestina, kwa kuwa ni tarehe ile ile ya azimio la kuigawa nchi yao, la mwaka 1947. Vijana walipendekeza shamrashamra zianze siku moja kabla, yaani 28, kwa ngoma na matarumbeta kutoka Makadara. Nikainua mkono, nikataka kusema, sauti ikanikatalia. Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya kwetu Kikambala ililipuliwa asubuhi. Walikufa Waisraeli 3 waliokuja kupumzika na Wakenya 10, wakiwemo wapiga ngoma waliosimama mlangoni kuwalaki wageni. Nilikuwa darasa la sita, na moshi ule niliuona kutoka uwanja wa shule. Wako watoto wa darasa letu waliotoka siku ile wakaambiwa wasipitie njia ya kawaida.

Nilipoweza kusema nilitoa hoja mbili: siku ya 28 tusipige ngoma, na tamko letu liwe na sentensi ya kulaani mauaji ya raia yeyote, popote. Bwana mmoja akasema naleta siasa za kuwaridhisha wakubwa. Nilikaribia kutoka. Aliyenizuia ni mama mmoja wa Mtwapa, ambaye alisimama tu, hakusema kitu, akaja kukaa kiti cha kando yangu. Kura zilipohesabiwa, hoja zote mbili zilipita kwa tofauti ya kura nne.

Bi Kizingo

Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wakili Asiyelipwa

Kwa kuwa tumefika kwenye kampeni, nisahihishe kosa kuhusu maandamano ninalolisikia kila mwaka. Polisi haombwi ruhusa, anapewa taarifa. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatoa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria inachotaka ni barua kwa mkuu wa kituo, isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14 kabla ya siku yenyewe.

Kijana wa Tudor

Wakili, hiyo tofauti ya ruhusa na taarifa inajulikana vizuri kwenye karatasi. Sisi tulipeleka taarifa, tukajibiwa kama kwamba tuliomba ruhusa, na tukanyimwa.

Wakili Asiyelipwa

Mliweka nakala iliyogongwa muhuri?

Kijana wa Tudor

Tuliweka. Ilikuwa kwenye pikipiki, na pikipiki ikanyeshewa.

Mkulima, Kilifi

Kwetu vita ni ususiaji. Vijana wamekuja na orodha ya vitu themanini, kuanzia sabuni hadi simu walizoiandikia orodha hiyo. Nikawauliza kuhusu mipira ya umwagiliaji wa matone inayotoka Israeli, ambayo ndiyo inayonilimia nyanya, wakanyamaza. Mwito wenyewe wa kuisusia Israeli, wa tarehe 9 Julai 2005, uliotolewa na zaidi ya mashirika 170 ya Wapalestina, haukumtaka mtu abebe orodha ya themanini, na wanaouendesha wanasisitiza shabaha chache. Chagueni kimoja.

Bint Likoni

Tende. Kabla ya Ramadhani, someni kila kifurushi kimetoka wapi, kwani makaazi ya walowezi wa Kiisraeli katika bonde la Yordani yanalima tende nyingi. Hilo hata bibi yangu analiweza, bora avae miwani.

Msomali wa Bondeni

Basi Mkulima anatusihi tususie huku yeye akimwagilia. Haya.

Mkulima, Kilifi

Mipira ilinunuliwa zamani. Ikichakaa, tutazungumza.

Bi Kizingo

Mengine hayo yataamuliwa ukumbini. Nasaha yangu ni chakula kitolewe mwisho.

Kijana wa Tudor

Chakula kikitolewa mwisho, akidi inakufa kwa njaa. Kitolewe mwanzo.

Maalim wa Kuze

Kitolewe katikati, wakati mimi nazungumza.

Mama wa Frere Town

Mweka Hazina, leso ile mama yangu anayo, na huivaa kwa kusudi. Wageni wakimuuliza mbona ina jina la ukatili, huwaketisha barazani akawahadithia habari za Palestina tangu 1948, na hawainuki mpaka kahawa ya pili. Zimebaki?

Mweka Hazina, Majengo

Jozi 41, chini ya kitanda. Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Katibu Mstaafu, Kibokoni

Zilete Jumamosi, zote. Mipango ya kampeni nimeitoa namba 7, nimeipandisha iwe ajenda ya 2, baada ya dua. Na sampuli yoyote itakayochapwa mwaka huu, itasomwa na yule bibi wa safu ya mbele.